Kila Januari naishia Walawi: kusoma Neno kila siku kuna faida gani?

"Mwalimu, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa miaka 43, nauza mahamri na mbaazi Likoni, kwenye njia ya kuelekea feri. Jioni nakanda unga, saa tisa usiku naamka kukaanga, saa kumi na moja niko barabarani. Kila Januari naanza kusoma Biblia yote kwa mwaka mmoja, na sijawahi kuvuka Walawi. Nikishika Biblia usiku nasinzia, herufi zinachezacheza, na nikiifunga sikumbuki nilichosoma. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi anasema asiyesoma Neno alfajiri hana ulinzi, na siku ukiruka umemfungulia adui mlango. Mwezi uliopita niliruka siku tatu, mtoto akashikwa na homa. Tangu hapo nasoma kwa hofu. Siku hizi nategemea aya ya siku inayoingia kwenye simu. Je, inatosha? Na kama hakuna kinachobaki kichwani, kusoma kila siku kuna faida gani?"

Amina, dada yangu. Umeuliza juu ya aya ya simu na juu ya kusahau, na nitakujibu yote mawili. Lakini naona kilichokuumiza zaidi ni ile homa ya mtoto, kwa hiyo nitaanza hapo.

Homa ya mwanao haikuletwa na siku tatu ulizoruka. Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakataka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akakataa hesabu hiyo moja kwa moja. Tena msome Ayubu, sura ya kwanza, aya ya 5. Huyo alikuwa akiamka asubuhi na mapema kuwatolea watoto wake sadaka za kuteketezwa, mmoja mmoja, na Biblia yasema alifanya hivyo sikuzote. Kama kuamka alfajiri kungekuwa ndiyo kinga, watoto wa Ayubu wasingeangukiwa na nyumba ile. Walikufa wote kumi, na kitabu kizima kinafuata kuwakanya marafiki waliosema kwamba lazima kuna mahali Ayubu alikosea.

Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Ukiisoma Biblia ili adui asipite, na ukiamini kwamba usipoisoma atapita, umeifanya hirizi. Sisi watu wa Pwani tunazijua hirizi, na tunajua kazi yake ni kumfanya mwenye kuivaa aogope siku atakayoivua. Neno la Mungu halikuja kwetu kwa kazi hiyo.

Halafu kuna jambo la historia ambalo kiongozi wako huenda hajalipima. Krapf, mmisionari Mjerumani, alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili hapa hapa Mombasa mwaka 1844. Biblia nzima ya Kiswahili haikupatikana hadi 1891. Katikati ya miaka hiyo, kuanzia 1875, watu waliookolewa kutoka biashara ya watumwa walikaa Frere Town, ng'ambo ya kisiwa, na kengele yao ungali ukiiona ukipita Kengeleni. Wakristo wale hawakuwa na Biblia nzima kwa Kiswahili ya kufungua alfajiri hata wangetaka. Walikusanyika, mmoja akasoma, wengine wakasikiliza. Ufunuo 1:3 yenyewe inamtaja asomaye mmoja, na wasikiao wengi, na inawaita wote heri. Ukisema asiyesoma peke yake kila alfajiri hana ulinzi, umewahukumu hao wote, na karibu kanisa lote la karne nyingi kabla ya vitabu kuchapwa.

Basi kusoma mara kwa mara ni kwa ajili ya nini? Hapa sitaki unielewe vibaya, ukadhani nakupa ruhusa ya kuacha. Nimefundisha Maandiko katika makanisa ya Mombasa kwa miaka mingi, na hakuna ninachowaombea watu kwa bidii kuliko hiki.

Angalia Kumbukumbu la Torati 17, kuanzia aya ya 18. Mfalme wa Israeli anaagizwa ajiandikie nakala ya torati, awe nayo, aisome siku zote za maisha yake. Sababu zimeandikwa pale pale: apate kumcha Bwana, ayashike maneno ya sheria, na moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Jambo la kwanza ambalo Biblia inamtegemea msomaji wa kila siku kulipata ni unyenyekevu. Kiongozi anayesoma sana halafu akazidi kuwatisha anaowaongoza, bado kusoma kwake hakujafika mahali pake.

Jambo la pili ni kujua kupima. Hapa ndipo swali lako la aya ya siku linapojibiwa. Aya inayopendwa kuliko karibu zote hapa kwetu ni Yeremia 29:11. Utaiona nyuma ya matatu, ukutani kwa kinyozi, kwenye kadi za mahafali: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Ni neno la Mungu na ni la kweli. Lakini rudi aya moja nyuma, ya 10. Mungu anawaambia watu wa uhamisho kwamba ahadi hiyo itatimia ikiisha miaka 70. Wengi waliosomewa barua ile walijua watafia Babeli. Rudi nyuma zaidi, aya ya 5 hadi ya 7: jengeni nyumba, pandeni bustani, waozesheni watoto wenu, uombeeni amani mji mliochukuliwa. Kisha rudi sura ya 28. Kuna nabii aitwaye Hanania, anasimama hekaluni mbele ya watu wote na kutangaza kwamba katika muda wa miaka miwili mambo yote yatakuwa sawa. Alikuwa anasema kwa jina la Bwana. Alikuwa anasema uongo.

Sasa jiulize: mwenye aya ya 11 peke yake angemtambuaje Hanania? Wote wawili wanatangaza mema, na wote wawili wanasema "asema Bwana". Anayewatenganisha ni yule aliyesoma sura zote mbili. Kwa hiyo, dada yangu, aya ya simu ni salamu njema ya asubuhi, usiifute. Lakini haitoshi, na ukiitegemea peke yake kwa miaka, utakuwa umejaa ahadi usizojua aliahidiwa nani, lini, na kwa masharti gani.

Hapa Pwani jambo hili tumelilipia. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kule Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwamo, katika janga linalohusishwa na mafundisho ya kufunga kula hadi kufa. Siwalaumu marehemu, na sisemi kwamba mtu akisoma Biblia hawezi kudanganywa. Nasema tu kwamba kuna vitu vidogo katika Injili ambavyo huvipati kwenye mahubiri ya kishindo, unavipata kwa kusoma taratibu, sura kwa sura, na siku mtu akikuletea Kristo mwingine vinakataa ndani yako. Chukua Marko sura ya 5. Yesu amemfufua binti wa Yairo, msichana wa miaka kumi na miwili. Nyumba nzima imeshangaa. Na agizo lake la mwisho, aya ya 43, ni kwamba apewe chakula. Chukua Yohana 21: amefufuka, ana mamlaka yote, naye yuko ufuoni kwenye moto wa makaa, samaki na mkate viko tayari, anawaambia waliokesha wakivua, "Njoni mfungue kinywa." Wewe unayewafungulia watu kinywa kila asubuhi unaijua kazi hiyo. Aliyemzoea Yesu huyu akiambiwa kwamba Yesu anataka watoto wafe njaa ndipo wamwone, atasita. Pengine kusita huko ndiko kutakakomwokoa. Huo ndio ulinzi ninaoujua mimi katika kusoma, na hauji kwa siku moja wala hauondoki kwa siku tatu.

Nije kwenye kusahau. Unasema hakuna kinachobaki. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima anasahau kwa kasi gani. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea mapema sana, ndani ya saa za kwanza. Kwa hiyo kusahau kwako si ugonjwa wa kiroho. Ndivyo akili ya binadamu ilivyoumbwa. Lakini aliona jambo lingine ambalo watu hawalisemi sana. Hata silabi alizodhani zimetoka kabisa, alipozirudia alizikariri upya kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kumbe kulikuwa na kitu kimebaki ambacho yeye mwenyewe hakuweza kukiona. Na kurudia kwa kuachanisha siku kulikuwa bora kuliko kurundika kila kitu siku moja. Ndiyo maana kidogo cha kila siku kinashinda sura kumi na tano za Jumapili mchana.

Watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, mwaka 2006 waliwapa wanafunzi kipande cha maandishi. Baadhi walikisoma tena na tena, wengine walikisoma kisha wakafunika na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na zaidi. Maana yake kwako ni nyepesi. Soma kipande kimoja, funga kitabu, umsimulie mtu. Msimulie mwanao huyo huyo anapokunywa chai, "Leo nimesoma habari ya mtu aliyeshushwa kupitia darini na rafiki zake wanne." Ukikwama katikati, fungua uone ulipokwama. Dakika mbili za kukwama hivyo zina faida kuliko nusu saa ya macho kupita juu ya herufi. Kumbukumbu la Torati 6:7 ilishaagiza hivyo, kuyanena maneno haya ukiketi nyumbani na ukienda njiani, kabla ya mtafiti yeyote.

Na usiharakishe kutafuta somo la kubeba. Wewe hukandi unga ukautia karaini papo hapo. Unaufunika, unalala, unaumuka wenyewe. Kipande ulichosimulia asubuhi kitakurudia saa saba mchana mteja akikudharau, na hapo ndipo utakapojua kilikuwa kinasema nini.

Sasa Walawi. Si wewe peke yako. Hapo ndipo wengi wanapoachia. Mpango wa Biblia nzima kwa mwaka ni mzuri kwa mwenye nafasi. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, kwa hiyo ni sura tatu au nne kila siku bila kukosa. Mmoja wa mipango iliyoenea sana ulitungwa mwaka 1842 na Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee kule Uskoti, na ni wa sura nne kwa siku. Ninachompendea ni kwamba katika waraka ule ule aliouandikia ushirika wake, aliorodhesha hatari za mpango wake mwenyewe. Alionya juu ya kusoma kwa mazoea matupu, kujihesabia haki kwa sababu umemaliza sehemu ya siku, kusoma bila makini, na kwa wengine mpango kuwa nira nzito wasiyoiweza. Mtu anayelala saa chache kama wewe, mpango wa sura nne ni nira. Uweke chini. Hutendi dhambi.

Badala yake, anza na Marko. Ina sura 16 tu, inakwenda mbio, na karibu kila ukurasa kuna mtu mwenye shida ya kawaida. Ukimaliza, soma Mwanzo, kisha Luka, kisha Matendo, huku ukiwa na Zaburi moja pembeni kwa siku za uchovu. Agano Jipya lina sura 260. Sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 52, ni 260 kamili, na Jumamosi na Jumapili zako ziko huru. Walawi utairudia baadaye, ukishasoma Waebrania, na utashangaa. Siku moja tu nakuomba uruke foleni: fungua Walawi 19. Ndipo ilipo amri ya kumpenda jirani yako kama nafsi yako, na chini yake, aya ya 36, Mungu anaamuru mizani ya haki na vipimo vya haki. Kitabu unachokikimbia kina neno la moja kwa moja kwa mtu wa biashara.

Kuhusu saa, acha alfajiri. Alfajiri yako ni ya karai. Daudi anataja asubuhi, kweli, lakini Zaburi ya 1 inasema mchana na usiku, na towashi wa Kushi katika Matendo 8 alikuwa anasoma garini, safarini. Tafuta saa ambayo akili yako iko macho. Nadhani ni ile ya saa tatu au saa nne, mauzo yamekwisha, umeosha vyombo, umehesabu pesa. Ufungamanishe usomaji na kitu unachokifanya tayari kila siku: sufuria ya mwisho ikishaoshwa, Biblia inafunguliwa. Phillippa Lally na wenzake wa London, mwaka 2010, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya kwa njia hiyo. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuanza kwenda lenyewe, lakini makadirio yalitofautiana sana, kutoka siku 18 hadi 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Ukiruka, kesho yake endelea ulipoishia. Usilipe deni la sura mbili. Deni ndilo linalowaua watu mwezi wa pili.

Kusikiliza je? Biblia ya sauti ni njema, na saa tisa usiku, mikono ikiwa na mafuta, ndiyo unayoweza. Ipakue mahali penye mtandao wa bure ili usile bando. Ila nikueleze ukweli: anayesikiliza huku anageuza mahamri anasikia nusu. Kwa hiyo weka sura moja ile ile wiki nzima, halafu ile saa nne isome hiyo hiyo kwa macho. Vitabu vingine vya Kikristo ni vya msaada, lakini visiwe mbele ya Injili kwa mtu anayeanza. Kama lugha ya Biblia yako ya Union inakushinda, hiyo ya 1952, kaa nayo pamoja na Biblia ya Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili chepesi, usome kipande kile kile kwenye zote mbili. Na kama unaweza kupata mwenzako mmoja, hata jirani wa meza ya pili sokoni, msome pamoja mara moja kwa wiki. Towashi yule alipoulizwa na Filipo kama anaelewa, alijibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Wala Filipo hakumkemea kwa kutoelewa. Alipanda garini akaketi naye.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi. Herufi zinazochezacheza kwa mtu wa miaka 43 mara nyingi ni macho tu; kuanzia miaka kama 40 kuona vitu vya karibu hupungua kwa karibu kila mtu. Kapimwe macho kabla hujajilaumu tena. Huenda miwani ya kusomea ikamaliza nusu ya tatizo hili. Kama usingizi na uchovu unakufuata hata siku usizokaanga, au umekosa hamu ya chakula na watu kwa wiki kadhaa, nenda ukaonane na daktari, umweleze wazi. Na kama hofu inakulazimisha kusoma aya ile ile mara nyingi kwa sababu unahisi hukuisoma sawasawa, mweleze mchungaji wako, na umtafute mshauri wa afya ya akili, hilo linatibika.

Kiongozi wako mwendee faraghani, umwambie ulivyoanza kuogopa. Wengi husema maneno hayo kwa nia ya kuwatia watu bidii, hawajui yanafika vipi kwa mama mwenye mtoto mgonjwa. Akikusikiliza, mshukuru Mungu, na muombe aanze Marko pamoja nanyi kikundi kizima. Akikutisha zaidi, mpelekee jambo hilo mchungaji au wazee wa kanisa. Na siku mtu yeyote, hata awe na upako gani, atakapokuambia usimpeleke mwanao hospitali au usile mpaka asemapo yeye, toka kwenye kikundi hicho siku hiyo hiyo, mpeleke mtoto zahanati, na uwaambie wakubwa wa kanisa na chifu wa eneo lako.